Miaka Minne Isiyoandikwa

Daxa aliifungua barua ya Nairobi akiwa kwenye foleni ya unga, maana hakuweza kungoja kufika nyumbani. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1974, mwaka wa njaa, na mbele yake nje ya duka la ushirika la Korogwe walisimama wanawake wasiopungua ishirini, kila mmoja na kikapu chake. Aliisoma mara moja, akaisoma tena. Zamu yake ilipofika alipimiwa unga wa njano, ule wa msaada ambao watu waliubandika jina la Yanga, akaondoka na kusahau chenji mezani. Muuzaji alimwita kwa sauti, akasema mbele za watu kwamba siku hizi hata Wahindi wameacha kuhesabu fedha. Watu wakacheka. Daxa alirudi, akachukua senti zake, akashukuru.

Barua, iliyotoka ubalozi wa Kanada ulioko Nairobi, ilisema maombi ya mumewe, Jitendra, ya kuhamia Kanada yeye na familia yake, baba yake akiwamo, yamekataliwa. Huko mwombaji hupimwa kwa pointi: umri wake, shule aliyosoma, mafunzo ya kazi, lugha, na haja ya ufundi wake kule aendako. Apataye hamsini hupita. Jitendra alipata arobaini na saba. Pointi zilipangwa kwenye jedwali, na chini ya jedwali palikuwa na sentensi moja tu: mwombaji anayeona amehesabiwa vibaya alete ushahidi wa maandishi ndani ya siku tisini.

Jitendra alirudi kutoka gereji jioni, mikono imejaa grisi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mnene kiasi, asiyependa mabishano. Mkewe alipomwambia ile namba alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa mbali. Alisema arobaini na saba si haba kwa mtu aliyeishia darasa la tisa, kisha akaenda kunawa. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa Daxa halikwisha. Kabla ya kuolewa alikuwa amefundisha miaka mitatu katika shule ya Wahindi kule Tanga, na mtihani uliosahihishwa hakuweza kuuacha mpaka aone alama zimepotelea wapi. Alikaa jikoni na lile jedwali, akapita mstari kwa mstari. Umri ulikuwa sawa. Shule ilikuwa sawa, miaka tisa, pointi tisa. Alipofika penye mafunzo ya kazi alikuta neno moja: hakuna.

Mumewe alipoingia akijifuta mikono, alimwuliza kwa Kigujarati, "Ulizaliwa unajua kutengeneza injini?"

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Na fundi Lukasi. Lukasi Mdoe, kwenye karakana ya shamba la mkonge. Miaka minne." Jitendra alitazama mlangoni, ambako baba yake alikuwa amekaa barazani akisikiliza redio, akashusha sauti. "Lakini haikuandikwa hivyo."

Daxa alitoa kwenye faili ile barua ya utumishi ambayo shamba lilikuwa limempa mumewe, ambayo wenyewe waliituma Nairobi. Ilinakiliwa kutoka daftari la kazi, na ilisema Jitendra aliajiriwa kama fundi tangu tarehe tatu Machi 1951. Siku hiyo alikuwa na miaka kumi na saba. Wa Nairobi hawakukosea. Walihesabu walichopewa, na mtu aliyeanza kazi akiwa tayari fundi hakufundishwa na mtu.

"Nani aliandika hivi?"

Jitendra aligeuza uso tu kuelekea barazani.

*

Mzee Manubhai alikuwa karani wa shamba lile kwa miaka ishirini na mitatu, na Korogwe nzima ilijua kalamu yake. Watu walikuwa wakitoka Magoma na Mpale kumletea barua za madai awaandikie, kwa kuwa ilisemekana karatasi aliyoiandika yeye hairudishwi. Kwa akiba yake alijenga nyumba ya ghorofa moja karibu na stesheni. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha, na hiyo ikiwa mojawapo. Sasa yeye, mwanawe, mkwewe na wajukuu wawili walikaa katika vyumba viwili vya chini, wapangaji ndani ya kuta alizozichagulia matofali mwenyewe. Mke wake hakuwepo tena. Mali iliyomsalia, alipenda kusema, ni mwandiko wake na jina lake.

Daxa hakuwahi kuzungumza naye uso kwa uso. Kwa desturi yao mkwe wa kike hufunika kichwa mbele ya baba mkwe, na akiwa na neno hulipitisha kwa mumewe. Miaka kumi na miwili walikuwa wameishi hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Jitendra alikwenda kwanza shambani. Meneja mpya, kijana mpole aliyesoma Dar es Salaam, alimtolea lile daftari na kumwachia alitazame kwa muda wake. Pale pale, mwandiko uleule mzuri wa bluu: Jitendra, fundi. Mstari wa chini yake: Lukasi Mdoe, kibarua msaidizi. Meneja alisema anasikitika, lakini hawezi kuandika kinyume cha daftari. Labda aliyeandika akiri kwa kiapo kwamba alikosea, na aliyefundisha athibitishe.

Ndipo Jumapili moja Jitendra na Daxa wakapanda lori lililokuwa likienda Handeni, wakateremka Sindeni, wakaulizia nyumba ya fundi Lukasi.

Walimkuta kwenye mashine ya kusaga ya kijiji cha ujamaa, kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka na makuti ambayo hayajapata kunyeshewa. Alikuwa ameifungua mashine, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia, ingawa mahindi ya kusaga hayakuwapo wilaya nzima. Alikuwa mzee mrefu wa Kizigua mwenye mvi, na miwani aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, fundi," Jitendra alisema.

"Marahaba, Jitu." Hilo ndilo jina alilompa zamani, kwa dhihaka, kijana alipokuwa mwembamba kama ufito. "Nishikie hii."

Jitendra alichutama na kushika. Kwa muda wa nusu saa wanaume wale wawili walifanya kazi bila maneno, mmoja akinyoosha mkono na mwenzake akiweka spana anayoitaka kabla haijatajwa. Daxa, aliyekaa kivulini, aliona mafunzo ambayo Nairobi walisema hayakuwapo.

Nyumbani kwa mzee, mkewe, Bi Mashavu, aliwatengea muhogo wa kuchemsha na chumvi. Ulikuwa mwaka wa kuhesabu mihogo, na Daxa alijua wanachokula ni cha kesho cha wenyeji. Nyumbani kwao yeye na mumewe hakuna aliyepata kula chakula kilichopikwa nje ya jiko lao. Alikula, na mumewe alipomwona akala naye. Sukari kilo moja waliyoleta wageni, Bi Mashavu aliipokea bila kinyongo, maana sukari ilikuwa adimu na yenyewe haikumkosea mtu.

Jitendra alieleza shida yake. Lukasi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Jitu, wewe sina ugomvi nawe. Ulikuwa kijana, ulipewa, ukachukua. Nilikufundisha korona ile inayochuna mkonge mpaka ukaijua kwa sauti. Lakini mimi nilistaafu nimeandikwa kibarua msaidizi. Miaka ishirini nikafundisha vijana, wakaandikwa mafundi, mimi nikabaki msaidizi kwa sababu karani aliandika hivyo siku ile, na kilichoandikwa kikafuatwa. Hata kiinua mgongo changu kilikuwa cha msaidizi. Sasa nikikuandikia kwamba nilikufundisha, watauliza: msaidizi amfundishe fundi, inakuwaje?"

Jitendra alisema hilo ni kweli.

"Barua yangu peke yake haina uzito. Aandike aliyeandika kwanza. Aseme nani alikuwa fundi. Akisha kusema, mimi nitaweka mkono wangu chini ya wake, na karatasi hiyo moja itusaidie wote wawili."

Hakupandisha sauti. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akangoja nao lori, na walipoagana alimpa mkono Daxa kwa heshima, akamwita mama.

*

Jitendra alifikisha maneno hayo kwa baba yake siku iliyofuata, naye Manubhai alizima redio, jambo ambalo hakulifanya hata saa ya taarifa ya habari. Alisema hatatia kidole kwenye karatasi ya namna hiyo. Wakati ule nafasi ya fundi ilikuwa moja tu. Mzungu meneja asingempa Mwafrika mshahara wa fundi hata angetengeneza injini kwa macho yaliyofumbwa, kwa hiyo nafasi ingekaa tupu. Yeye aliijaza. Baba gani asingeijaza? Kisha akasema kwamba wamemchukulia nyumba akanyamaza, sasa mwanawe anataka kumchukulia na jina.

Jitendra alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Hakulirudia jambo hilo tena. Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Kila asubuhi Daxa alikata siku moja kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli ya watoto.

Zilipobaki siku arobaini na moja, watoto wakiwa shuleni na mumewe gereji, alikwenda barazani na faili, akasimama mbele ya baba mkwe. Ncha ya sari ilikuwa kichwani mwake, lakini uso wake ulikuwa wazi.

"Bapuji, nina neno, na sina wa kumtuma."

Mzee alitazama pembeni, kama aliyemkuta mtu bafuni. Hakumfukuza.

Daxa hakumhubiria. Alimweleza jinsi Lukasi alivyokuwa akinyoosha mkono na Jitendra akiweka spana. Alimweleza kuhusu muhogo. Kisha akafungua karatasi za maelekezo zilizotoka Nairobi, akamtafsiria kifungu kimoja kilichoandikwa kwa herufi ndogo: kwamba mtu wa familia ya mwombaji aliyewahi kughushi kumbukumbu anaweza kunyimwa ruhusa ya kuingia, hata wenzake wakikubaliwa.

"Ukiapa, Bapuji, huenda sisi tukapita nawe usipite. Jitendra hajakisoma kifungu hiki. Nimeona si haki nikuombe sahihi kabla hujakijua."

"Kisome tena."

Alikisoma tena, polepole. Manubhai alitazama barabara, ambako wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wakipita na majembe begani kwenda shamba la shule.

"Unajua kwa nini sikumrekebisha baadaye?" aliuliza mwishowe. "Yule Mzungu aliondoka mwaka 1958. Ningeweza. Kila mwisho wa mwezi nilinakili majina yale yale kwenye ukurasa mpya. Fundi. Msaidizi. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Baadaye haukuwa mzito tena." Akakunja shuka lake magotini. "Mwite Lukasi. Na hicho kifungu, mume wako asikijue."

"Ataniuliza siku moja."

"Siku hiyo mjibu. Kabla ya hapo, nyamaza."

Daxa alinyamaza. Alipika, akafua, akamwona mumewe akianza tena kupiga mluzi asubuhi. Alijua kwamba kunyamaza kwake ni sehemu ya kiapo, na kwamba yeye hataulizwa na hakimu.

*

Mahakamani walifika mapema. Lukasi alikuja kwa lori la usiku, amevaa koti la zamani lililopigwa pasi, na Manubhai alivaa kofia yake nyeusi ya ukarani. Watu wale walikuwa hawajaonana miaka mitatu. Walisalimiana kwa kutikisa vichwa, wakakaa ncha mbili za benchi moja.

Karani wa mahakama, Habakuki, aliyekuwa na taipureta yenye herufi iliyovunjika, alikuwa kijana wa Mpale. Baba yake alipata kuandikiwa barua na Manubhai. Alitaka mzee atamke maneno yake ili ayapige. Chumba kilikuwa kimejaa watu wenye kesi za mifugo na mipaka. Jitendra aliomba waende chumba kingine, Habakuki akasema chumba kingine hakipo.

Basi Manubhai alitamka, kwa Kiswahili chake cha shamba, akisimama kila sentensi kungojea mashine. Alisema alikuwa karani wa shamba la mkonge. Alisema tarehe tatu Machi 1951 alimwandika mwanawe kuwa fundi, naye hakuwa fundi, alikuwa mwanafunzi. Fundi alikuwa Lukasi Mdoe, ambaye yeye alimwandika kibarua msaidizi. Lukasi Mdoe alimfundisha mwanawe kazi kwa miaka minne kamili.

Habakuki alisimamisha vidole. "Niweke kwamba ulikosea, mzee?" Aliuliza kwa upole, kama anayemnyooshea mtu mkono avuke mtaro.

"Sikukosea," alisema Manubhai. "Andika kwamba nilijua."

Mwanamke mmoja aliyekuja na kesi ya mbuzi aliacha kumnyonyesha mtoto akatazama. Daxa alimwona mumewe amefunika uso kwa viganja.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine Manubhai alitia sahihi, ile sahihi ndefu yenye mkia. Lukasi aliichukua, akavaa miwani, akashindwa kuisoma kwa sababu ya herufi iliyovunjika. Akamrudishia Manubhai.

"Nisomee pale penye jina langu."

"Fundi alikuwa Lukasi Mdoe," Manubhai alisoma.

"Tena."

Akasoma tena. Lukasi aliweka sahihi yake chini, akakunja nakala yake mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyemwuliza. Alikwenda zake stendi kwa miguu, mgongo umenyooka.

*

Jibu la Nairobi lilifika Februari. Pointi nne za mafunzo zilikuwa zimeongezwa, jumla hamsini na moja. Jitendra, mkewe na watoto walikubaliwa, wafike kabla ya mwisho wa Juni. Katika aya ya mwisho iliandikwa kwamba ombi la Bwana Manubhai, kwa kuzingatia kiapo chake mwenyewe, halikukubaliwa.

Daxa aliisoma yote kwa sauti, na aya ile hakuiruka.

"Alijua?" Jitendra aliuliza.

"Alijua. Nilimsomea mimi kabla hajatia sahihi."

Jitendra alinyanyuka akatoka. Siku sita hakumsemesha mkewe. Chakula alikula, nguo alivaa, lakini alimpita kama mtu apitavyo nguzo. Siku ya saba alimwambia baba yake kwamba hawaendi. Manubhai akamjibu kuwa yeye ameapa mbele ya wenye mbuzi, na kiapo kile hakukitoa ili mwanawe abaki anamhurumia. Kama hawaendi, basi aliaibika bure. Wakati huo huo habari zilikuja kutoka Sindeni kwamba shamba limemrekebishia Lukasi cheti chake. Sasa ameandikwa fundi mitambo. Fedha za miaka iliyopita hazikupatikana, kwa kuwa kampuni iliyokuwa ikidaiwa ilikwisha kuondoka nchini. Alipewa cheti tu.

Basi wakaanza kufunga mizigo. Jirani yao, Bi Noorjahan mwenye duka la vitambaa, alijitolea kumpikia mzee, naye alishukuru, akasema atajitahidi mwenyewe. Watu walicheka chinichini. Mzee yule hakujua hata kibiriti cha jikoni kinakaa wapi.

Alianza Aprili. Alikuja kusimama mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mguu wake haukupata kukanyaga, akamwuliza Daxa mchele na dengu huchanganywa kwa kipimo gani. Daxa alivuta sari yake kichwani, kisha akaona kwamba mkono mmoja hauwezi kushika sari na sufuria pamoja, akaiacha ianguke begani. Alimwonyesha jinsi ya kuosha dengu mpaka maji yawe meupe, jinsi ya kupima maji kwa kiungo cha kidole, jinsi ya kuusikia moto wa mkaa unapozidi. Mzee aliandika kila kitu kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Chungu cha kwanza kiliungua. Cha pili kilikuwa uji. Daxa alivila vyote viwili, na mzee akakaa kando akimwangalia anavyokula, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili.

Asubuhi ya safari Jitendra na watoto walikuwa nje wakipakia masanduku kwenye gari la kukodi. Manubhai alimwita mkwewe jikoni. Alikuwa ameamka mapema akapika peke yake. Alimwekea sahani mezani, akamvutia kiti, naye akabaki amesimama.

Daxa alikula kijiko kimoja, akatafuna taratibu.

"Useme kweli," mzee alisema.

"Chumvi imepungua kidogo, Bapuji."

Manubhai alitikisa kichwa, akaenda kuichukua chumvi.